Likizo ya uzazi kwa wahadhiri wa sayansi: baba na mama wakipewa sawa, kweli wanatoka sawa?

#1 Mama_Pipeti (mleta uzi)
Wadau, salaam. Kuna jambo linanikereketa tangu nilipotoka kwenye kikao cha kamati ya kupandisha vyeo juzi.

Tulikuwa na mafaili mawili. Wote wa biolojia, wote waliajiriwa mwaka mmoja, wote walipata mtoto, wote walichukua likizo ya miezi sita, na wote waliongezewa mwaka mmoja kabla ya kutathminiwa, kwa sababu kanuni haibagui baba na mama. Faili la baba lina makala tatu zilizotumwa ndani ya ile miezi sita. Faili la mama halina hata moja. Lina barua ya fundi wa maabara inayoeleza kwamba seli alizozikuza kwa miaka miwili ziliingiwa na kuvu yeye akiwa wodini, zikatupwa zote.

Mjumbe mmoja akasema, "Si walipewa muda uleule?" Kikao kikasonga mbele. Mimi nilinyamaza, na kule kunyamaza ndiko kunakoniuma.

Nadai hivi: kwa sisi watu wa maabara, likizo sawa kwa wote inaweza kumrudisha mama nyuma. Nipingeni, ila mje na hoja.

#2 Fizikia_Kwanza
Nakupinga mapema kabla uzi haujachangamka. Ukimpa mama peke yake, umezipa kamati za ajira sababu ya kumwogopa kila dada anayekuja kwenye usaili. Hawatasema wazi. Wataandika "hakuonyesha uongozi wa kutosha". Woga huo utaisha siku kijana wa kiume naye atakapojulikana kwamba anaweza kuondoka miezi sita.

Sweden walifungua likizo ya wazazi kwa baba na mama mwaka 1974, na kwa miaka ishirini akina baba wengi hawakuigusa. Mwaka 1995 ikabidi watenge mwezi mmoja ambao mzazi asipouchukua unapotea. Leo kati ya siku 480, kila mzazi ana 90 zisizohamishika. Kwa hiyo usawa wa kwenye karatasi hautoshi, hapo niko na wewe. Ila dawa si kumnyima baba.

#3 Mzee_wa_Takwimu
Mama_Pipeti hajakosea, na ushahidi upo. Heather Antecol, Kelly Bedard na Jenna Stearns walichapisha utafiti mwaka 2018. Walifuatilia wahadhiri walioajiriwa kati ya 1980 na 2005 katika idara 50 za juu za Marekani. Vyuo vilipoanza kusimamisha hesabu ya miaka (yaani kumwongezea mtu mwaka kabla ya kutathminiwa) kwa kila mzazi bila kubagua, uwezekano wa mwanamume kupata ajira ya kudumu pale alipoanzia ulipanda, na wa mwanamke ukashuka. Mabadiliko yalikuwa karibu pointi 20 kila upande. Wanaume waliutumia mwaka wa ziada kuchapisha kwenye majarida makubwa. Kipimo cha wote kikapanda.

#4 Bint_Zuhura
Nyote mnahesabu kuanzia siku ya kujifungua. Mimi ni mkemia, na likizo yangu ilianza asubuhi kipimo kilipoonyesha mistari miwili, ila hakuna aliyeiandika.

Kazi yangu ilikuwa ya viyeyusho na fosforasi yenye mnururisho. Ukishatangaza ujauzito, mwongozo wa kimataifa wa kinga ya mionzi unataka kijusi kisipokee zaidi ya milisivati 1 (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) kwa muda uliobaki. Marekani wanaruhusu 5 kwa mimba nzima. Ni kanuni nzuri na naishukuru. Lakini ukitangaza, jaribio linakabidhiwa mwingine, na jina la kwanza kwenye makala linaondoka nalo. Usipotangaza, unamhatarisha mtoto.

Nilikaa nje ya chumba kile miezi saba, nikiangalia kwenye kioo cha mlango mtu mwingine akishika pipeti yangu. Miezi hiyo haionekani popote kwenye wasifu wangu. Baba wa mtoto naye ni mkemia, na hakuliacha jaribio lake hata siku moja. Mpeni yeye miezi sita na mimi sita, bado nadaiwa saba.

#5 Kalamu_Nyekundu
Mzee, shikamoo. Kwenye #3 umeacha jambo kubwa: hao ni wahadhiri wa uchumi. Mchumi anaweza kuweka kompyuta mapajani mtoto akilala. Hana seli za kubadilishia chakula kila baada ya siku mbili, hana panya wa kulisha. Halafu utafiti ule unahusu kusimamisha hesabu ya miaka, si likizo. Mtu anaweza kuongezewa mwaka bila kupumzika hata wiki. Tukivichanganya hivi viwili tutabishana hadi kesho.

#6 Mzee_wa_Takwimu
Marahaba. Ni kweli, nilipaswa kusema ni uchumi. Lakini jiulize hivi: mchumi alifaidika kwa sababu ya kompyuta. Mkuu wa maabara anafaidika kwa sababu ya wanafunzi wa uzamivu wanaoendelea kumtolea matokeo akiwa nyumbani. Mwenye wanafunzi sita tofauti na mwenye mmoja. Huenda tunapima ukubwa wa maabara tukidhani tunapima jinsia.

#7 Daktari_wa_Mawe
Mimi nimechukua likizo mara mbili, niwaeleze ilivyokuwa.

Mtoto wa kwanza: miezi minne, mke wangu naye yuko nyumbani. Aliyenyonyesha ni yeye, aliyeamka usiku ni yeye. Mimi nilibadilisha nepi, nikaosha vyombo, na kila siku saa nne asubuhi nilikuwa mbele ya ramani zangu. Nilimaliza makala mbili.

Mtoto wa pili: mke alirudi kazini mtoto akiwa na miezi sita, nikabaki naye peke yangu kwa miezi mitatu. Nilipofungua daftari langu la utafiti mwishoni, nilikuta sentensi moja tu, imekatikia njiani: "Tabaka la juu linaonyesha". Basi. Sikumbuki lilikuwa linaonyesha nini. Mtoto alikuwa ameamka.

Baba yuleyule, kanuni ileile. Kilichobadilika ni kwamba mara ya kwanza kulikuwa na mtu mzima mwingine ndani ya nyumba. Kwa hiyo mleta uzi, kabla ya kulinganisha mafaili yale mawili, uliza kila mmoja alikuwa nyumbani na nani.

#8 Fizikia_Kwanza
#7 umenigusa. Naomba niiongezee hoja yangu ya #2: likizo ya baba iwe ya baada ya mama kurudi kazini, isiwe ya kukaa pamoja. Iceland tangu 2021 kila mzazi ana miezi sita, na ni wiki sita tu anazoweza kumhamishia mwenzake. Hapo hata baba mvivu anajikuta peke yake na chupa ya maziwa.

#9 Bint_Zuhura
#8 taratibu. Wiki za mwanzo mama ana mshono, hajalala, anatoka damu. Ukisema baba asiwepo wakati huo kwa sababu anaweza kuandika makala, unamwadhibu mama mara ya pili. Mimi ningetaka awepo zote mbili.

#10 Nyuki_Dume
Nitawaudhi, mnisamehe. Karibu nusu ya wahadhiri wanawake wa sayansi huacha kazi wakipata mtoto wa kwanza, asilimia 43, nimesoma mwenyewe. Hiyo si kanuni ya chuo. Ni mama ameona mtoto ni muhimu kuliko panya wa maabara. Kwa nini tusiheshimu uamuzi wake?

#11 Kalamu_Nyekundu
Nyuki, takwimu ni ya kweli, maelezo yake siyo. Ni utafiti wa Erin Cech na Mary Blair-Loy wa mwaka 2019, kuhusu watu wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati nchini Marekani kwa jumla, si wahadhiri peke yao. Asilimia 43 ya akina mama wapya waliacha kazi za kutwa katika fani hizo. Wengi hawakukaa nyumbani: kuna waliohamia kazi za nusu siku, kuna waliokwenda kufanya kazi kutwa nje ya sayansi. Na asilimia 23 ya akina baba wapya nao waliondoka. Hao mbona hujasema waliona mtoto ni muhimu kuliko panya?

#12 Saa_Kumi
Kalamu_Nyekundu, wewe hulali? Kila bandiko likipanda dakika tano umefika 😀

#13 Bint_Zuhura
Naomba nimjibu Nyuki kwa mfano mmoja. Mwenzangu alirudi kazini mtoto akiwa na miezi mitatu. Alipouliza pa kukamulia maziwa alionyeshwa stoo ya friza za nyuzi 80 chini ya sifuri. Alikuwa anakaa juu ya boksi la glavu, mashine mapajani, koti la maabara limefunika kifua, kwa sababu mlango haukuwa na komeo na watu walikuja kuchukua sampuli. Friza moja ilikuwa mbovu, king'ora chake kinalia kila robo saa, na kila kikilia maziwa yanakata.

Baada ya wiki sita aliacha kazi. Kwenye fomu ya kuondoka aliweka tiki kwenye "sababu za kifamilia", kwa sababu hapakuwa na kisanduku cha friza. Mtafiti atakayezipitia fomu hizo ataandika kwamba aliamua mwenyewe.

#14 Nyuki_Dume
Hilo la friza limenifunga mdomo kwa huyo mwenzako. Pole yake. Ila wapo wanaochagua kwa hiari. Mke wangu ni mmoja, aliacha uhadhiri na anafundisha sekondari kwa furaha, na hapendi kabisa kuonewa huruma na watu wasiomjua. Naye mumhesabu.

#15 Mwalimu_Mstaafu
Wanangu, nimesoma yote. Niwakumbushe kwamba swali la nani yuko nyumbani ni la zamani kuliko kanuni zenu. Marie Curie alimzaa Irène Septemba 1897. Majuma machache baadaye mama mkwe wake amekwisha fariki, na baba mkwe, Dkt. Eugène Curie, akahamia kwao. Mwaka 1898 Marie na Pierre wakatangaza poloniamu na radiamu. Picha za maabara yao mmeziona wote. Ya mzee aliyekuwa nyumbani na mjukuu mmeiona wangapi? Irène mwenyewe alikuja kupata Nobel mwaka 1935.

Na Maria Goeppert Mayer, huyu alipewa Nobel ya fizikia akiwa hajawahi kulipwa mshahara wa profesa hata siku moja.

#16 Kalamu_Nyekundu
Shikamoo Mwalimu. Kwa heshima zote, hilo la mwisho lina kasoro ndogo. Alipata uprofesa kamili wenye mshahara huko San Diego mwaka 1960, Nobel ikaja 1963. Ila kabla ya hapo, ndiyo, kwa miaka mingi alifanya kazi ya bure au ya malipo kidogo, kwa kuwa kanuni za kuzuia undugu kazini zilikataza chuo kuajiri mume na mke. Ule muundo wa kiini cha atomu uliompatia tuzo aliufanyia kazi katika kipindi hicho.

(Saa_Kumi, silali. Nina mtoto wa miezi minne. Ninaandika kwa mkono mmoja.)

#17 Mwalimu_Mstaafu
Marahaba mwanangu, asante kwa kunisahihisha. Mungu amkuze.

#18 Saa_Kumi
Hongera Kalamu! Naondoa utani wangu.

#19 Kiti_cha_Nyuma
Naomba nami nisikilizwe, ingawa najua siyo upande unaopendwa hapa. Sina mtoto, na huenda nisiwe naye, kwa sababu ambazo ni zangu. Katika miaka mitano idara yetu imetoa likizo nne za uzazi. Vipindi vya wote wanne nilifundisha mimi. Mitihani yao nilisahihisha mimi. Mkuu wa idara ana sentensi yake: "Wewe una nafasi." Hakuna aliyeniongezea mwaka wa tathmini, na makala zangu zimehesabiwa kama za mtu aliyekuwa amekaa tu.

Nawapenda watoto wa wenzangu, mmoja ana jina langu. Lakini gharama ya likizo haikufutika. Imehamia kwangu.

#20 Mama_Pipeti
Kiti_cha_Nyuma, upande wako ndio huu huu. Hapo ndipo palipooza, na mimi kwenye #1 sikuligusa. Fedha za kumlipa mbadala zikitoka kwenye mfuko wa idara, mkuu wa idara anaanza kumwona kila mwenye mimba kama tundu kwenye bajeti, na kila asiye na mtoto kama kiraka. Zikitoka kwenye mfuko wa chuo kizima, idara haina cha kuogopa.

Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 183 wa mwaka 2000 ulikwishaliona hilo. Unataka angalau wiki 14 za likizo ya uzazi, na unasema malipo yatoke kwenye bima ya jamii au fedha za umma ili mwajiri mmoja asiubebe mzigo peke yake. Wenye akili walijua mzigo ukimwangukia mmoja atatafuta namna ya kuukwepa.

#21 Mzee_wa_Takwimu
Na tusisahau sheria zilivyo mbalimbali. Marekani, sheria ya taifa ya mwaka 1993 inatoa wiki 12 bila malipo, kwa mwajiri mwenye watu 50 na zaidi, yaliyobaki ni sheria za jimbo au huruma ya chuo. Kenya mama ana miezi mitatu na baba wiki mbili. Tanzania mama siku 84, mia moja kwa mapacha, na baba siku 3. Sasa mjadala wa "baba anatumia likizo kuandika makala" unamhusu nani mwenye siku tatu? Ataandika kichwa cha habari.

#22 Mkataba_wa_Mwaka
Mnazungumzia waliokwisha kaa kwenye viti. Sisi tulio kwenye mikataba ya utafiti baada ya uzamivu, mtoto akizaliwa mkataba hausubiri. Wanawake wengi wanapotelea hapa, kabla hawajawa wahadhiri wa kuhesabiwa kwenye utafiti wowote.

Wengine wamejaribu. Ujerumani, sheria inayoweka ukomo wa miaka 12 kwa mikataba ya muda ya wanasayansi inaruhusu miaka 2 zaidi kwa kila mtoto. Baraza la Utafiti la Ulaya limekuwa likimwongezea mama miezi 18 kwa kila mtoto kwenye muda wa kustahili kuomba ruzuku, bila kumuuliza alikaa nyumbani siku ngapi. Baba huongezewa siku zile tu alizochukua likizo kwa uthibitisho. Mama_Pipeti, nadhani hili ndilo jibu la swali lako: si sawa, na ni kwa makusudi.

Halafu kuna Christiane Nüsslein-Volhard, mshindi wa Nobel wa mwaka 1995. Mwaka 2004 alianzisha mfuko unaowapa wanasayansi vijana wa kike wenye watoto fedha za msaada wa nyumbani: mtu wa kufua, wa kupika, wa kukaa na mtoto jioni. Hakutoa likizo. Alinunua saa zao akawarudishia.

#23 Mama_Pipeti
Hiyo ya Baraza la Ulaya sikuwa naijua. Nimeichapa na nimeiweka kwenye mkoba.

#24 Fizikia_Kwanza
Kwangu mimi bado ina walakini. Baba aliyebaki na mtoto peke yake kama wa #7, miezi mitatu na sentensi moja, anaambiwa alete uthibitisho. Mama mwenye msaada wa watu watatu nyumbani haulizwi. Tumetoka kwenye kosa moja tumeingia jingine.

#25 Mkataba_wa_Mwaka
Mama yule amebeba mimba. Soma #4 tena.

#26 Fizikia_Kwanza
Nimeisoma. Na aliyeasili mtoto?

#27 Kalamu_Nyekundu
Kuna jambo la tatu ambalo halijaguswa: kuomba. Sehemu nyingi mwaka wa ziada unaupata ukiuomba, na wengi hawaombi, wanaogopa kuonekana hawawezi. Chuo kikuu cha Princeton, Marekani, mwaka 2005 waliamua kila mhadhiri anayepata mtoto aongezewe mwaka moja kwa moja, awe baba au mama. Asiyeutaka atathminiwe mapema. Tazama hilo lilivyo na pande mbili. Linamwondolea mama aibu ya kuomba, na wakati huohuo ni ile kanuni ya kutobagua inayolaumiwa kwenye #3.

#28 Mama_Pipeti
Na hata ukiongezewa, anayekusoma ana hesabu zake. Kwenye faili la yule mama kulikuwa na barua ya mtathmini wa nje, mtu wa chuo kingine. Aliandika, "Kwa mtu aliyehitimu uzamivu miaka tisa iliyopita, matokeo ni ya wastani." Barua yetu ya kumwalika ilimweleza wazi asihesabu mwaka wa likizo. Alihesabu. Na kamati ilinukuu barua yake, si yetu.

#29 Saa_Kumi
Ngoja nije na changu, maana nimekaa kwenye utani tu. Naona sote tunapiga kelele kwenye mlango usio wenyewe. Likizo ni miezi. Mtoto anakuwa mdogo kwa miaka mitano. Kinachowaangusha watu ni saa kumi jioni, kituo cha malezi kinafunga na jaribio lina saa tatu mbele yake. Nimechagua hilo jina kwa sababu hiyo.

Ushahidi wangu ni mwaka 2020, shule na vituo vilipofungwa. Uchunguzi uliofanywa kwa wanasayansi wa Marekani na Ulaya ulionyesha kuwa wenye mtoto wa miaka mitano au chini yake walipungukiwa muda wa utafiti kwa asilimia 17 zaidi ya wenzao, na sayansi za maabara ni miongoni mwa zilizoumia zaidi. Hilo halikutokana na kanuni ya likizo. Vilifungwa vituo tu.

#30 Mzee_wa_Takwimu
Saa_Kumi una hoja, na nina ya kukusaidia. Mwaka 2021 Allison Morgan na wenzake waliwahoji wahadhiri 3,064 wa sayansi ya kompyuta, historia na biashara, Marekani na Kanada. Waliona kwamba sehemu kubwa ya pengo la machapisho kati ya wanawake na wanaume inaelezeka kwa kushuka kwa akina mama katika kipindi kifupi baada ya kupata mtoto. Kwa wastani wazazi walichapisha zaidi kidogo kuliko wasio na watoto. Kwa hiyo ni bonde, si ukuta. Shida ni kwamba tathmini ya ajira ya kudumu inamkuta mtu akiwa katikati ya bonde.

#31 Kiti_cha_Nyuma
Wazazi wanachapisha zaidi kidogo? Nani anafundisha vipindi vyao?

#32 Mzee_wa_Takwimu
Swali zito, mdau. Sina la kukujibu.

#33 Sauti_ya_Chini
Samahanini, nimekuwa nikisoma kimya tangu #1, leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuandika. Nipo mwaka wa tatu wa uzamivu. Nina mimba ya wiki 11. Msimamizi wangu ni mwanamume, si mtu mbaya. Mwezi ujao anatuma maombi ya ruzuku na jina langu limo kama mtafiti msaidizi wa miaka mitatu. Nikimwambia sasa, nahofia atalitoa. Nikimwambia baadaye, ataona nimemficha. Naosha jeli zenye ethidiamu (rangi ya kuonyesha DNA, si salama kuishika) kila Jumanne na nimeanza kutafuta visingizio. Mngefanyaje?

#34 Nyuki_Dume
Dada, hongera kwanza. Subiri maombi yatumwe. Kisheria mimba si jambo la kumwarifu mtu kabla hujawa tayari.

#35 Bint_Zuhura
Nyuki leo simpingi kwenye sheria, nampinga kwenye Jumanne. Mdogo wangu, mwambie kesho. Mimi nilichelewa wiki tano kwa kuogopa hilo hilo, na hadi leo mwanangu akiumwa mafua nahesabu zile wiki tano. Anza na kemikali, ruzuku itafuata.

#36 Daktari_wa_Mawe
Nenda na ratiba mkononi. Andika nani atashika nini kuanzia mwezi wa tano hadi utakaporudi. Msimamizi anayeogopa huwa anaogopa kazi kulala. Mwonyeshe hailali.

#37 Fizikia_Kwanza
Kwa nini ratiba aandike yeye? Baba angeandikishwa ratiba? Hiyo ndiyo kazi ya msimamizi.

#38 Daktari_wa_Mawe
Kweli mkuu, si haki. Ila kesho asubuhi yuko peke yake kwenye ile ofisi.

#39 Mama_Pipeti
Sauti_ya_Chini, kuna afisa usalama wa maabara kwenye chuo chako. Unaweza kumwona kwanza yeye, kwa siri, akuondoe kwenye jeli bila kusema sababu kwa mtu. Hilo lifanye kabla ya Jumanne hata kama la ruzuku hujaamua. Nitumie ujumbe wa faragha ukitaka.

#40 Sauti_ya_Chini
Asanteni wote. Nimemwona afisa usalama jana, na leo nimemwambia msimamizi. Alisema hongera. Akakaa kimya kidogo akitazama kalenda ya ukutani, halafu akauliza, "Utarudi lini?" Nikamwambia. Akaandika tarehe kwenye karatasi ya njano akaibandika juu ya skrini yake. La ruzuku hakusema chochote, nami sikuuliza.

#41 Nyuki_Dume
Hiyo ni dalili nzuri. Ameiandika tarehe.

#42 Kiti_cha_Nyuma
Au anatafuta wa kumziba nafasi. Nakuombea isiwe hivyo.

#43 Kalamu_Nyekundu
Mwandikie barua pepe leo hii kabla ya kulala: "Asante kwa mazungumzo ya asubuhi, kama tulivyokubaliana nitarudi tarehe fulani." Tarehe iwe kwenye maandishi yako, si kwenye karatasi yake ya njano.

#44 Sauti_ya_Chini
Nimetuma sasa hivi.